Kila sharti la uvuvi lina anayelilipia: mwongozo kwa kamati za mialo ya Ziwa Nyasa

Semina nyingi za uvuvi huanza na duara tatu. Mwezeshaji anachora ya kwanza na kuandika "uchumi", ya pili "jamii", ya tatu "mazingira", na pale zinapokutana anaandika "uvuvi endelevu" kwa wino mwekundu. Tunapiga makofi, tunakula wali wa Kyela, tunasaini, tunarudi mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Kesho yake alfajiri kokoro, wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukoni, linavutwa palepale.

Nimekuwa katibu wa kamati ya mwalo upande huu wa Kyela kwa muda wa kutosha kujua duara zile zinaficha nini. Hazisemi nani apunguze. Mvuvi akikatazwa kutega kwenye mlango wa mto, samaki watakaosalimika ni wa ziwa zima, ila njaa ya wiki ile ni ya nyumba yake peke yake. Kamati isipolitamka hilo hadharani, litatamkwa usiku kwa nyavu.

Kwa hiyo mwongozo huu una kazi moja: kuisaidia kamati kupanga masharti ambayo mlipaji wake anajulikana kabla hayajapitishwa. Nauandika kwa ajili ya vikundi shirikishi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wote tunaviita BMU, vilivyopewa nafasi na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009. Walioko bwawa la Mtera nimewawekea kipande chao.

Hatua ya kwanza: andika watu kabla ya mitumbwi

Kamati nyingi huanza kwa kuhesabu vyombo, kwa kuwa vyombo vinaonekana na vina leseni. Anza na watu. Kaa mwaloni siku mbili mfululizo, kuanzia mitumbwi ya usipa, dagaa wa ziwa hili, inaporudi alfajiri hadi jua la mchana, na uandike kila anayeondoka na chochote mkononi.

Utapata mwenye chombo, ambaye mara nyingi hata hayupo. Utapata vijana wanaovua kwa mgao, yaani kwanza yanaondolewa mafuta na chakula ndipo kinachobaki kinagawanywa. Kuna kina mama wanaonunua usipa kwa ndoo na kuuanika, wanaopasua na kubanika samaki wakubwa, mama lishe, mafundi wa mitumbwi, vijana wa pikipiki wanaopandisha samaki Tukuyu na Mbeya. Kuna wavuta kokoro wanaolipwa kwa gao la samaki wadogo. Na kuna mkulima wa mpunga au kakao anayeshuka ziwani miezi ile ambayo shamba halina kitu.

Mbele ya kila kundi jibu swali moja tu: ziwa likifungwa wiki mbili, huyu anakula nini? Mwenye chombo ana duka. Mwenye kakao ana kakao. Kijana wa mgao aliyekuja kutoka wilaya nyingine na mama aliyekopa ndoo kumi kwa mali kauli hawana kitu. Karatasi hiyo itunze, utairudia kwenye hatua ya nne.

Hatua ya pili: daftari, na samaki hamsini

Usisubiri mtaalamu. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa Kyela na ni vizuri kuwashirikisha, lakini takwimu za mwalo wenu hakuna atakayeziandika kila juma isipokuwa ninyi.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, aina ya nyavu, saa mvuvi alizokaa majini, ndoo au kilo alizoleta, na bei ya siku hiyo. Chagueni mitumbwi kumi kwa kura, siku mbili kwa wiki. Mkitaka kuandika mitumbwi yote kila siku, mwezi wa pili mwandishi atachoka na mwezi wa tatu ataanza kubuni. Nimeyaona hayo: daftari zima, mwandiko mmoja, kalamu moja, na kila mtumbwi umepata ndoo nane.

Kipimo cha kufuatilia ni ndoo kwa safari moja. Jumla ya mwalo inadanganya, kwa sababu mitumbwi ikiongezeka jumla inaweza kusimama palepale huku kila mmoja akirudi na kidogo zaidi.

Kisha, mara moja kwa mwezi, chukueni perege hamsini bila kuchagua, muwapime kwa rula kutoka mdomoni hadi mwisho wa mkia, na mpasue. Andikeni urefu wa mdogo kuliko wote aliyekutwa na mayai tumboni. Perege wa ziwa hili jike hulelea mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo fungueni na midomo, ingawa wengine huwa wameshawatema watoto kwenye nyavu. Mkiona zaidi ya nusu ya samaki mliopima hawajafikia urefu wa yule mdogo mwenye mayai, mnavua watoto ambao hawajazaa hata mara moja. Hapo hakuna haja ya grafu.

Na kwa kazi hiyo msimwite mwenyekiti. Mwiteni mama anayepasua samaki mwaloni. Matumbo aliyofungua kwa mwaka mmoja ni mengi kuliko tutakayofungua sisi wanakamati maisha yetu yote, na mwezi ambao mayai yanakuwa mengi anao kichwani.

Hatua ya tatu: wapeni samaki kesi tofauti

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Inaandika "samaki" kana kwamba ni mmoja, kisha inaweka sharti moja kwa wote. Ziwa hili lina mamia ya aina, nyingi hazipatikani popote pengine duniani, lakini kwa mwalo wa kawaida wa Kyela tenganisheni angalau makundi matatu.

Usipa ni wa mwaka mmoja. Anazaliwa, anakua, anazaa na kufa ndani ya muda wa mwaka hivi, na wingi wake hupanda na kushuka kwa nguvu hata pasipo kosa la mvuvi. Huzunguka katika maji ya wazi, maji ambayo ni yetu, ya Malawi na ya Msumbiji. Ni kitoweo cha mwenye kipato kidogo, kinanunulika kwa sado na hata kwa fungu. Kijiji kimoja kikijifungia usipa, kimewaachia majirani. Ukitaka mfano wa ukubwa wa jambo hilo, tazama Ziwa Tanganyika: kulisimamisha kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 kulihitaji makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Sharti la usipa la kijiji kimoja lisiwe la kufunga. Liwe la kuokoa kilichokwisha kuvuliwa, nitaeleza mbele.

Mbasa ni kinyume chake. Ni mkubwa, ana bei, anakua taratibu, na lazima apande mtoni kutaga kwenye kokoto mvua zinapokolea. Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo: kila mto una mlango, na mlango una upana wa nyavu chache. Watu sita wenye majarife wanaweza kuuziba usiku mmoja. Lakini kwa sababu hiyohiyo, watu sita ndio mnaopaswa kuelewana nao. Hakuna samaki ambaye sharti la kijiji lina nguvu juu yake kama mbasa.

Perege yuko katikati. Anakaa karibu na ufuko, anachimba viota kwenye mchanga na penye majani ya majini, na kokoro likipita linakomba viota, majani na vifaranga kwa pamoja. Wenzetu wa Malawi walilijua hili kwa gharama: Ziwa Malombe, dogo na lenye kina kifupi, lilikuwa na sifa ya chambo, ndugu wa perege wetu, na baada ya nyavu za matundu madogo na kupotea kwa majani ya chini, chambo waliporomoka kiasi kwamba soko likageukia samaki wadogo wasio na bei ile.

Mkishatenganisha, mtaona kwamba nguvu ya kamati si sawa kwa kila samaki. Nguvu yenu ielekezeni mlangoni mwa mto na ufukoni. Maji ya wazi yaachieni serikali.

Kisimamo kidogo: hesabu ya mitumbwi

Kabla ya hatua ya nne, fanyeni hesabu hii ubaoni mbele ya watu. Namba ni za mfano tu, wekeni zenu kutoka kwenye daftari.

Tuseme mwalo una mitumbwi 20 ya usipa, kila mmoja unapata ndoo 10 kwa usiku. Jumla ni ndoo 200. Gharama ya usiku mmoja, yaani mafuta, chakula, taa na uchakavu wa nyavu, ni sawa na ndoo 4. Faida ya mwalo mzima ni ndoo 120.

Mitumbwi ikifika 30, kila mmoja unapata ndoo 7 na nusu. Jumla imepanda hadi 225, lakini ukitoa gharama faida imeshuka hadi 105. Ikifika 40, kila mmoja unapata 5 na nusu, jumla 220, faida 60. Kwa watu watano kila mtumbwi, ajira imetoka 100 ikafika 150 halafu 200.

Sasa ulizeni: mitumbwi mingapi ni sahihi? Anayetafuta faida atasema 20, au hata pungufu. Mama anayeanika anataka ndoo nyingi zishuke, atasema 30. Kijana asiye na kazi na diwani anayetafuta kura watasema 40. Wote wamesoma ubao uleule na hakuna aliyekosea. Hizi ndizo zile duara tatu zikiwa zimevuliwa kilemba.

Angalieni pia kwamba kutoka 30 hadi 40 jumla imeshuka kwa ndoo tano tu. Hakuna atakayeshtuka. Kinachoyeyuka ni mfuko wa kila mmoja, na anayeanza kuchanika ndiye anayetafuta nyavu za matundu madogo au chandarua ili afidie.

Maoni yangu, na si lazima yawe yenu: kwa usipa ningekubali 30, nikapoteza faida kidogo ili watu 50 wale. Kwa mbasa nisingeongeza hata mtu mmoja. Samaki anayezaa na kufa ndani ya mwaka anasamehe makosa ya mwaka mmoja. Mbasa hana msamaha huo.

Hatua ya nne: kila sharti, jina la mlipaji

Chukueni karatasi ya hatua ya kwanza. Kila sharti linalopendekezwa liandikwe kwa mistari minne: nani ataacha kupata, kiasi gani kwa wiki, kwa muda gani, na kamati itampa nini au itamwambia nini. Mstari wa nne ukibaki mtupu, sharti halijawa tayari.

Nitasema tulivyoanguka sisi. Kokoro limekatazwa na Kanuni, hilo si jambo la kupigia kura, na kamati haina mamlaka ya kulihalalisha. Basi tukalipiga marufuku mwaloni kwa mkutano mmoja, siku moja, kwa shangwe. Waliokuwepo ni wenye mitumbwi ya usipa na wazee. Wavuta kokoro hawakuwepo, na hakuna aliyegundua hawapo. Ndani ya muda mfupi kokoro lilihamia usiku, mlinzi wetu mmoja akapasuliwa kichwa, na samaki wakaanza kuuzwa mwalo wa jirani ambako hawakuandikwa popote. Tulikuwa tumelinda viota kwenye karatasi na tumepoteza hata takwimu.

Mara ya pili tulianza na majina. Walikuwa watu 40 na kitu, zaidi ya nusu wanawake na vijana wanaolipwa kwa gao, na wenye makokoro walikuwa wanne. Wale wanne hatukuwapa chochote zaidi ya tarehe ya mwisho. Walikuwa na mali nyingine na walijua wanavunja sheria. Vijana tuliwaombea nafasi kwenye mitumbwi ya usipa, kila mtumbwi mmoja. Kina mama walipewa vichanja vya kuanikia na zamu ya kununua ndoo za kwanza kwa bei ya mwaloni. Haikuwaridhisha wote. Wapo walioondoka na wapo waliorudi kuvuta kwa wizi. Ila safari hii, aliyewaripoti alikuwa mmoja wa kina mama wenye vichanja.

Kuhusu vichanja: hapa ndipo uchumi, jamii na ziwa huwa havigombani, basi anzeni hapo. Usipa ukianikwa mchangani unauzwa na mchanga wake, na Aprili mvua za Kyela zikishika unaoza kabla ya kukauka. Kila ndoo inayooza ni samaki aliyevuliwa bure. Kichanja cha miti na wavu kilichoinuliwa kufika kiunoni, turubai la kufunika mvua ikija, na jiko la kubanikia linalotumia kuni chache vinaongeza kipato bila kuongeza hata mtumbwi mmoja. Sharti la namna hii halina mlipaji mkubwa, ndiyo maana linapita haraka. Msiishie hapo tu mkajipongeza.

Na jihadharini na sharti la bure kabisa. Kamati moja niliyoitembelea ilijivunia kwamba inafunga uvuvi wa usipa usiku wa mbalamwezi. Usiku huo taa hazivuti usipa na mvuvi hatoki hata bila sharti! Ni kufunga duka siku ambayo hakuna mteja, kisha kuandika ripoti.

Kwa mbasa mlipaji wa pili yuko juu, hayuko ziwani. Kokoto za kutagia zikifunikwa na tope la mashamba ya kingoni, kufunga mlango wa mto hakusaidii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe, na kila mmoja anajua hali ilivyo. Mkulima wa bustani ya kingoni naye ni mlipaji, mwandikeni, mumwite mkutanoni pamoja na wachimba mchanga. Wavuvi wakiona wao wanafunga na jirani analima hadi majini, watafungua.

Mfano wa ukali wa kuwasahau walipaji tunao karibu. Mwaka 2006 wafugaji, wakulima na wavuvi waliondolewa Ihefu, ardhioevu ya bonde la Usangu, kwa lengo la kuurudishia maji mto Ruaha Mkuu, na mwaka 2008 sehemu ya bonde ikaingizwa kwenye hifadhi. Lengo lilikuwa zuri. Mto bado hukauka kiangazi, na migogoro ya mipaka Mbarali ilidumu miaka mingi baadaye.

Kwa walioko Mtera

Hatua ni zilezile, ila maji ya bwawa yana bwana mwingine. Mtera lilijengwa kuhifadhi maji ya umeme, na yanayotoka hapo ndiyo yanayokwenda kuendesha mitambo ya Kidatu. Kiangazi maji yakirudi nyuma, samaki hubanana kwenye eneo dogo na ndoo kwa safari hupanda. Wavuvi wa Migoli wanajua raha ya miezi hiyo. Daftari litaonyesha neema wakati samaki wenyewe wanapungua. Ongezeni safu ya sita, kina cha maji, na linganisheni mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita, kamwe si mwezi uliotangulia.

Hatua ya tano: kizingiti kiandikwe wakati wa shibe

Wakati wa shibe watu hukubaliana. Kwa hiyo kubalianeni wakati huo nini kitafanyika njaa ikija. Andikeni kwa lugha ya mwaloni: "Perege wasiofikia urefu wa kuzaa wakizidi nusu kwa miezi mitatu mfululizo, eneo la viota kati ya mwembe na jiwe kubwa linafungwa miezi minne." Eneo, muda, na nani anayeanza kuumia, vyote viwepo. Kwa usipa msikimbilie. Mwaka mmoja mbaya unaweza kuwa upepo wa mwera tu uliozuia mitumbwi kutoka. Subirini wastani wa miaka mitatu.

Andikeni pia kizingiti cha upande wa pili, ambacho karibu kila kamati hukisahau: ni hali gani itatufanya tulegeze. Bei ya unga ikipanda kupita kiasi, au mafuriko yakichukua mpunga, eneo gani litafunguliwa, kwa ndoano tu, kwa wiki ngapi. Sharti lisilo na mlango wa dharura huvunjwa ukuta.

Hatua ya sita: kulipitisha

Rasimu isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ipite halmashauri ya kijiji, kisha ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa kama sheria ndogo. Bila idhini hiyo faini mnazotoza hazina miguu, na mtu mwenye wakili atawarudishia aibu. Afisa uvuvi ahusishwe tangu rasimu ya kwanza ili msije mkaandika kinyume cha Kanuni. Faini iende kwa risiti, na nusu ya kamati iwe na watu wasiomiliki chombo.

Siku ya mkutano ichagueni kwa mwezi wa angani. Mbalamwezi ikiwa pevu wavuvi wa usipa wako nyumbani na wamelala usingizi wa kutosha. Isiwe Jumamosi, maana upande wa Matema kina mama wote wako soko la Lyulilo, na mkutano usio na wanunuzi wa samaki ni mkutano wa wenye mitumbwi. Saa nne asubuhi inafaa. Leteni daftari, rula, beseni la perege hamsini, na ile karatasi ya majina. Anayeitwa kwenye karatasi kama mlipaji azungumze kwanza, kabla ya mwenyekiti, na katibu aandike kiasi alichokitaja hata kama wengine wanaguna.